Mama Pasi na Gari la Mashuka

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Pasi nyuma ya mlango wa jiko la ile nyumba ya kupanga ufukweni, taulo begani, sikio mlangoni. Nje upepo ulikuwa umeanza kusukuma viti vya plastiki uani. Ndani, mwanawe wa kwanza, yule ambaye ukoo mzima unamwita Meneja, alikuwa akizungumza na simu kwa sauti ya chini, na maneno yaliyopenya mlango yalikuwa haya: "Wapangaji waendelee kupaka rangi. Mama nitamleta kwangu moja kwa moja. Kwake hafiki tena."

Juzi bwana mmoja alinisimamisha kwa kinyozi akaniambia kwamba yeye angekuwa Mama Pasi, angetoka hapo hapo amkunje mwanawe shati. Bwana huyo hamjui Mama Pasi.

Mama Pasi amepiga pasi nguo za watu tangu Meneja hajaota jino. Duka lake la udobi liko chumba cha mbele cha nyumba yake, kitanda chake kiko chumba cha nyuma, na kati ya vyumba hivyo kuna uwanja wa kamba za kuanikia ambamo amezeeka bila majuto. Watoto walipomwambia wamempangia likizo ya wiki mbili baharini, likizo ya kwanza tangu azaliwe, alilia kwa furaha mbele ya wateja. Sasa alijua likizo ilikuwa ya nini. Alitolewa nyumbani ili wapangaji wapate nafasi ya kuingia.

Kimbunga ndicho kilichoharibu hesabu. Redio ilikitangaza tangu jana yake, na asubuhi hiyo gari lenye kipaza sauti lilipita mitaa yote ya ufukweni likisema wageni waondoke kabla ya saa sita mchana. Njia ya kutoka ni moja, inapita darajani, na daraja lingefungwa upepo ukizidi.

Basi Mama Pasi hakumkunja mtu shati. Alilikunja taulo, pembe kwa pembe, kama vile mwenyewe analisubiri dukani, kisha akarudi chumbani kufikiri. Sipelekwi kwa mtu, alijiambia. Narudi kwangu.

Hapa lazima nikukumbushe jambo moja kuhusu familia hii, maana bila hilo hutaelewa kilichofuata. Meneja na dada yake, Mwalimu, hawasemeshani. Yalianza siku ya harusi ya Mwalimu, pale Meneja aliposhika kipaza sauti akawaeleza wageni kwamba bwana harusi ni mchumba wa tatu, wawili wa kwanza walishtuka mapema. Tangu siku hiyo kila neno kati yao linapitia kwa mama. "Mama, mwambie mwanao apunguze redio," husema Mwalimu, na huyo mwanao amekaa kochi moja naye. "Mama, mwambie mwalimu wako chumvi iko karibu naye," hujibu Meneja. Miaka minne Mama Pasi amekuwa simu yao, na hajawahi kulipwa salio.

Siku hiyo simu ikaamua kujipigia yenyewe.

Alimkuta Meneja akifunga mizigo juu ya gari lake jeupe, akamwambia kwamba yeye atasafiri na dada yake, kwani kule kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Meneja alikunja uso kidogo, kisha akasema sawa, mradi wote watalala kwake. Halafu Mama Pasi akazunguka upande wa pili, akamkuta Mwalimu akibishana na mumewe kuhusu kiti cha kukunja, akamwambia kwamba yeye atapanda na kaka yake, akae na wajukuu. Mwalimu alimbusu shavuni. Hakuna aliyevuka ua kumuuliza mwenzake. Wangevukaje, wakati anayewavusha maneno ni huyo huyo aliyewadanganya?

Gari jeupe likatoka kwanza, likafuatiwa na lile dogo la buluu. Mama Pasi alikuwa kwenye chumba cha kufulia nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mkoba mapajani. Alisikia matairi yakichapa changarawe, kisha hakusikia tena. Moyo ulimuuma, sitaki kumsingizia ujasiri asiokuwa nao. Alifuta machozi kwa ncha ya shuka moja iliyokuwa pale, akaona ina doa la kutu, akalikagua doa.

Alipotoka alikutana uso kwa uso na Bibi Funguo, mtunza nyumba, amebeba nyundo na mbao za kuzibia madirisha. Mama huyu anatunza nyumba zote za kupanga za mtaa ule, na hujisifu kwamba hajawahi kupoteza ufunguo wa mtu wala siri yake.

"Dada, wamekusahau," alisema Bibi Funguo, na nyundo ikamponyoka.

"Hawajanisahau. Nimewakwepa."

Mama Pasi alimsimulia yote huku akimshikia mbao. Bibi Funguo alipigilia misumari kwa hasira iliyokuwa ikiongezeka kila alipofika dirisha jingine, na walipofika dirisha la jiko, penye ule mlango, alisema kwamba kwa jambo hilo angemkana mtoto. Halafu akauliza kwa upole kama Mama Pasi amekusudia kubaki hapo akafie baharini kwa sababu ya nyumba.

"Nani anabaki?" alisema Mama Pasi. "Kimbunga nakiogopa kama wewe. Mimi naondoka. Ila sipelekwi."

Na hapo, msomaji wangu, honi ikalia barabarani.

Unalikumbuka lile lori linalokusanya mashuka ya hoteli kwenda kufuliwa mjini? Tangu siku ya pili ya likizo Mama Pasi alikuwa akilisimamisha. Wenzake walikwenda kuogelea, yeye alikwenda barabarani kumuuliza dereva wanatumia wanga gani wa kukazia nguo. Mtu aliyeishi kwa udobi maisha yake yote huwezi kumweka ufukweni akatazama maji tu. Yeye na Dereva wa Mashuka wakawa marafiki, na jana yake, kimbunga kilipotangazwa, alimwuliza kama njia yake inapita karibu na mtaa wake. Inapita nyuma ya duka lake kabisa, na kila akipita hapo ufukweni humpigia honi.

"Sikia, dada," alimwambia Bibi Funguo wakati dereva akimnyooshea mkono apande. "Wakipiga simu, wakija, yeyote akiuliza, hujaniona. Mpaka niwe nimekaa kwenye kiti changu, nyumbani kwangu."

"Hujaniambia kitu mimi," alijibu Bibi Funguo, akafunga lango kwa kufuli.

Mama Pasi akazima simu yake, akaitia chini kabisa ya mkoba. Lori likaondoka. Mvua ilikuwa imeanza kuja kwa ubavu, na yeye, nasema kweli tupu, alikuwa akitabasamu. Alimwambia dereva kwamba wapangaji hao watajua pasi ya moto ni nini. Dereva alicheka mpaka akakosea gia.

Laiti wangekwenda moja kwa moja. Lakini hoteli ya mwisho ilikuwa na mafungu yake ya mashuka mlangoni, na dereva alikuwa na maagizo. Wafanyakazi wenyewe walikuwa mbioni kuondoka, mafungu yamefungwa ovyo, mengine yamelowa. Mama Pasi hakuvumilia. Alishuka akayafunga upya moja moja, kwa lile fundo la madobi ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyobana. Muda ukayoyoma.

Tuwaache hapo kidogo, twende ng'ambo ya daraja.

Kwenye kituo cha mafuta kilicho juu ya mlima, gari jeupe lilikuwa limesimama foleni, na la buluu likaja likasimama nyuma yake. Mke wa Meneja alishuka na chupa ya chai. Alikwenda dirisha la gari la buluu kumpa mkwewe. Akachungulia kiti cha nyuma. Akaona kiti cha kukunja.

Walioshuhudia wanasema Meneja na Mwalimu walitoka kwenye magari yao kwa wakati mmoja, wakasimama katikati ya pampu, mvua inawanyeshea, kila mmoja akimtafuta mtu wa kumpa ujumbe ampelekee mwenzake. Mtu huyo hakuwepo.

"Mama yuko wapi?" alisema Mwalimu. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia kaka yake kwa miaka minne.

"Aliniambia anapanda na wewe."

"Mimi aliniambia anapanda na wewe."

Meneja alijaribu kupiga simu. Imezimwa. Akajaribu ya mtunza nyumba, mtandao ukakatika katikati ya mlio wa kwanza, na haukurudi tena. Mwalimu alimtazama kaka yake usoni, akaona rangi imemtoka. Yeye ni mwalimu, mwanafunzi aliyefanya kosa anamtambua kabla hajafungua mdomo.

"Umemfanya nini?" aliuliza.

Akasema. Akasema yote pale pale, mbele ya mkewe, mbele ya muuza mafuta: wapangaji, rangi, chumba alichomtayarishia mama nyumbani kwake.

"Umepangisha nyumba ya mtu aliye hai," alisema Mwalimu.

"Alianguka na pasi mkononi, wewe hukuwepo. Mimi ndiye niliyemwokota. Ile pasi ilikuwa inaunguza sakafu karibu na uso wake. Kila nikifumba macho naiona."

Mwalimu hakujua. Mama alikuwa amemficha, na ujumbe huo Meneja hakuwa na njia ya kuufikisha ila kwa mama mwenyewe. Hivyo ndivyo simu ya familia ilivyofanya kazi. Mwalimu akafungua mlango wa mbele wa gari jeupe na kukaa. Mke wa Meneja na watoto wakahamishiwa kwenye gari la buluu. Mchumba wa tatu, ambaye hakuwahi kushtuka, akawachukua wote na kuendelea na safari. Kaka na dada wakageuza gari kurudi baharini.

Sasa turudi kwenye lori.

Barabara inayofika darajani ni nyembamba, maji huku na maji huku, na siku hiyo maji ya pande zote mbili yalikuwa yameanza kulamba lami. Lori lilikuwa la mwisho kutoka. Mama Pasi, aliyekaa juu kule mbele kama bibi harusi, aliona gari likija upande wa pili, likielekea baharini. Akajiuliza ni mwendawazimu gani huyo. Kisha akalitambua. Gari jeupe la Meneja. Meneja kashika usukani, na kando yake Mwalimu, na wote wawili walikuwa wakisema kwa mpigo, mikono inarushwa, ana kwa ana, bila kumpitia mtu.

Kwa sekunde hiyo moja Mama Pasi alifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yake. Watoto wake walikuwa wanagombana wenyewe.

Halafu akaelewa walikuwa wanakwenda wapi.

Alipiga kioo kwa kiganja. Aliibonyeza honi ya dereva yeye mwenyewe. Gari jeupe likapita, madirisha yamejaa ukungu, likapotelea kwenye mvua. Akamwambia dereva ageuze. Dereva akamwonyesha barabara: lori hilo pale halingegeuka hata likikatwa vipande viwili, mpaka wavuke. Wakavuka. Daraja lilitetemeka chini yao, na mara tu magurudumu ya nyuma yalipogusa upande wa pili, askari akashusha kizuizi.

Mama Pasi alishuka kabla lori halijasimama vizuri. Askari alikuwa kijana mwenye koti la mvua refu kuliko yeye, na alisema kwa adabu kwamba daraja limefungwa, hapiti mtu.

"Afande, mbona umewapitisha wale wa gari jeupe?"

"Hao kuna mama yao mzee ameachwa ufukweni. Nimewaambia wakimbie wamchukue warudi. Waliniapia."

"Mama yao ni mimi."

Askari alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. Akatazama lori. Akatazama tena viatu. Mama Pasi aliutafuta mkoba, akaitoa simu chini kabisa alikoizika, akaiwasha. Mtandao haukuwepo. Mnara ulioko nyuma ya kituo cha mafuta ulikuwa umelala ubavu, aliuona mwenyewe.

Akajipa moyo kwamba watafika, wataona mbao madirishani, watamuuliza Bibi Funguo, watajua. Kisha akaikumbuka ile sauti ikisema hujaniambia kitu mimi. Mwanamke asiyewahi kupoteza siri ya mtu. Wangemuuliza, naye angewaambia hajamwona. Na watoto wakiambiwa mama yao hajaonekana, mahali pamoja tu wangekwenda kumtafuta, ufukweni, penye mawimbi.

Alijishikilia kwenye kizuizi. Ujanja wote ule, aliojisifia moyoni tangu asubuhi, ulikuwa umewarudisha wanawe baharini, na kimbunga kinakuja.

Dereva alimshika bega, akamwambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba hao ni watu wazima, wana gari, watarudi tu. Aliongeza kwamba nyumbani kwake si mbali sasa, na kama akichelewa hapa, wapangaji watamtangulia na nyumba itakuwa imekwenda. Alikuwa na nia njema.

"Nyumba nitaigombania," alisema Mama Pasi. "Tena nitaigombania mpaka mtaa mzima utoke nje kuangalia. Lakini nataka nigombane nao wakiwa hai."

Akageuka akaenda nyuma ya lori, akavuta fungu la kwanza, akalifungua.

Yale mashuka ya hoteli, makubwa, mazito kwa mvua, aliyasokota moja baada ya jingine na kuyaunga ncha kwa ncha kwa fundo lile la madobi. Dereva alipoelewa anachofanya alishika kichwa.

"Mashuka ya watu hayo, Mama Pasi."

"Nitayafua."

Ncha moja akaifunga kwenye nguzo ya kizuizi, akaijaribu kwa uzito wa mwili wake. Ncha ya pili akajifunga kiunoni. Dereva alibaki akimtazama, mvua ikimchuruzika kidevuni, halafu akatema mate kwenye viganja na kuishika kamba bila kuambiwa. Askari aliwahi mbele yake na kunyoosha mikono, akasema mama, nitalazimika kukukamata.

"Nikamate, mwanangu, una haki. Lakini nikamatie pale katikati, maana ndiko ninakokwenda."

Akainama, akapita chini ya kizuizi.

Upepo ulimpokea kwa kofi. Kitambaa cha kichwa kiliruka na hakukitazama. Maji yalikuwa yanapita juu ya lami, ya kahawia, yamebeba majani na kiti kimoja cha plastiki, na yalikuwa ya vifundo vya miguu tu lakini yanavuta. Alitembea ameegemea chuma cha ubavuni, akiwaita wanawe kwa yale majina ya utotoni ambayo hata mimi hajanipa ruhusa ya kuyaandika. Nyuma yake dereva aliachia kamba polepole, na askari, koti lake refu limempanda kichwani, sasa alikuwa anaishika pamoja naye.

Hapo ndipo taa zikatokea ng'ambo.

Taa mbili za gari, zikija kwa kasi, zikasimama pale daraja linapoanzia. Gari jeupe. Wamerudi, alisema Mama Pasi kwa sauti, wamerudi wanangu, na akasukuma mbele kwa nguvu zote alizobakiza.

Kamba ikamkaza kiunoni. Mashuka yalikuwa yamekwisha.

Mlango mmoja wa gari ukafunguka, akashuka mtu mmoja peke yake, amelowa, akasimama mbele ya taa, kivuli tu, asijulikane ni yupi kati ya wale wawili. Mama Pasi alisubiri mlango wa pili. Alisubiri, na haukufunguka. Yule mtu akaanza kupunga mikono yote miwili, akielekeza nyuma, kule baharini.

Mama Pasi akashusha mikono kiunoni, akaanza kulifungua fundo.